Kipa Aliyelala Bila Taulo

Saa nane mchana, saa mbili kabla ya mpira kuanza, Yusta Kapela aliingia chumba cha timu ya wageni kukagua jezi, akamkuta kipa Gwasa Ntahondi amekwisha kuanza kuugua.

"Dada Yusta," alisema Gwasa. Alikuwa ameketi kwenye benchi, kiganja kimelazwa kifuani. "Leo sijisikii vizuri. Tangu asubuhi kifua kinanibana kama kimefungwa mkanda."

Wachezaji wa Uvinza wakacheka. Beki mmoja akamrushia soksi. "Babu, hata mpira haujaanza! Ugua taratibu."

"Wiki iliyopita ilikuwa kiuno," alisema Yusta huku akipitisha kifaa chake juu ya jezi, moja baada ya nyingine, akisikiliza kila uzi ukiitika. "Na wiki ya nyuma yake ilikuwa nyonga."

"Uzee huo, dada. Unaingia kwa zamu."

Hata Yusta alitabasamu. Katika ligi nzima hakuna aliyejua kulala uwanjani kama Gwasa. Timu yake ikiongoza, alikuwa akiinua mkono, akatembea polepole hadi kwenye nguzo, akachukua taulo lake la rangi ya chungwa lililotundikwa kwenye wavu, akalikunja mara nne, kisha akajilaza ubavu wa kulia na kuliweka taulo chini ya shavu. Wapinzani waliapa kwamba lina dawa, na mara mbili washambuliaji walipewa kadi kwa kujaribu kuliiba. Gwasa mwenyewe alisema majani ya uwanja yanamwasha.

"Usilale leo," Yusta alimwambia alipomfikia. "Unajua mchezo huu ulivyo. Uvinza mkishindwa mnashuka daraja. Kondoa wakishindwa wanashuka wao. Na nimewaona watu wa Kondoa pale nje."

"Nitalala kidogo tu," alisema Gwasa. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, ingawa chumba kilikuwa na ubaridi. Yusta aliliona lile jasho, akaona pia kwamba jezi imeitika vizuri, akapita kwenda kwa anayefuata.

*

Zamani mchezo uliendeshwa kwa saa ya mkononi ya mtu mmoja. Mwamuzi aliongeza dakika tatu au saba kama moyo wake ulivyomtuma, na kwa ajili ya zile dakika waamuzi walipigwa, mabasi yakachomwa, na timu zikaondoka uwanjani chini ya ngao za polisi. Ndipo ikaja sheria ya mpira hai: dakika sitini, na saa inatembea wakati mpira unachezwa tu. Mpira ukitoka, saa inasimama. Watu walidhani ujanja umekwisha.

Haukwisha. Wachezaji waligundua kwamba wasipoweza kuiba dakika, wanaweza kuipooza miguu ya mwenzao. Timu inashambulia, damu imechemka, mara mtu anaanguka. Saa inasimama, sawa. Lakini jasho linakauka, misuli inakaza, na ile kasi hairudi. Mechi moja ilichukua saa tatu na robo.

Ndipo ikaletwa Mizani. Nyuzi zilizosukwa ndani ya jezi husikiliza mapigo ya moyo, pumzi na jasho, na mtu akianguka mshale mkubwa huonekana kwenye ubao wa uwanja: kushoto KWELI, kulia UONGO, na namba ya uhakika kutoka moja hadi mia. Ukienda kushoto, daktari anaingia. Ukienda kulia, watu wote wanasimama walipo na hakuna anayeruhusiwa kumgusa aliyelala mpaka ainuke mwenyewe. Kila sekunde aliyolala, timu yake itacheza sekunde mbili pungufu ya mtu mmoja. Na mtu wa timu yake akimgusa kabla hajainuka, mchezo umekwisha na timu yake imeshindwa.

Yusta alikuwa mtunza saa daraja la kwanza. Watu walimwita Mama Mizani, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla hajaitwa Dodoma na kufungiwa chumbani pamoja na wenzake watano, wakatazama maanguko elfu arobaini yaliyorekodiwa. Kwa kila anguko walipewa nusu dakika kusema kweli au uongo. Wahandisi walilichukua jibu lao, wakaliweka pamoja na kumbukumbu za nyuzi, na mashine ikajifunza humo. Maanguko ya Gwasa peke yake yalikuwa mia mbili na kumi na mawili. Kwa hayo Yusta hakuhitaji nusu dakika. Akiliona taulo tu, aliandika uongo.

Shingoni mwake, chini ya blauzi, ulining'inia ufunguo wa shaba. Sheria iliuita Ufunguo wa Mtu. Kwa huo mtunza saa angeweza kuipinga Mizani.

Alikuwa ameutumia mara moja. Ilikuwa Kibondo, mwaka uliopita. Mshambuliaji alianguka ameshika goti, analia machozi, na mshale ukasema uongo themanini. Yusta alimwonea huruma, akafungua. Daktari akaingia, mchezaji akamwagiwa maji, akainuka, na baada ya dakika mbili akafunga bao. Uzio wa jukwaa la mashariki ulianguka kabla ya filimbi ya mwisho. Watu tisa. Yusta aliyajua majina yao yote tisa. Aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa na miaka sita na viatu vipya.

Baada ya Kibondo, kamati iliongeza kifungu. Ufunguo ukizungushwa, ubao utangaze kwa maandishi makubwa kwamba mtunza saa anaipinga Mizani, kisha zipite sekunde sitini kabla ya daktari kuruhusiwa, ili mtunza saa apate nafasi ya kujirudi.

*

Ilikuwa dakika ya hamsini na moja ya mpira hai. Uvinza moja, Kondoa bila. Jua la alasiri lilikuwa limelala juu ya jukwaa la magharibi, na ndani ya kibanda cha vioo Yusta alisikia kelele za watu elfu ishirini kwa miguu kabla ya kuzisikia kwa masikio. Sakafu ilitetemeka.

Krosi iliingia. Gwasa aliruka, akaudaka mpira peke yake, hakuguswa na mtu. Akatua. Akatembea hatua tatu. Mpira ukamponyoka mikononi, ukajiviringisha taratibu na kutoka nje ya mstari. Gwasa akakaa chini kama mtu aliyesahau alichokuwa akienda kukifanya, kisha akalala.

Saa ikasimama. Mshale ukazunguka kulia. UONGO 88.

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko.

"Mpelekeeni neti ya mbu!"

"Gwasa, chai ipo tayari!"

"Babu, umelala hujaswali!"

Kisha wakaanza kuhesabu. Hiyo ilikuwa desturi ya Kondoa, nao waliipenda, maana kila sekunde ilikuwa adhabu kwa mgeni. Walihesabu kwa pamoja, wakipiga mabati ya uzio kwa viganja. "Moja! Mbili! Tatu!"

"Huyu naye hachoki," alisema kamishna wa mchezo, Rweyongeza, aliyeketi nyuma ya Yusta na chupa ya maji mapajani. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa sheria kwa sababu zilimwezesha kulala usingizi. "Dakika tisa zimebaki, anataka kuwapooza watoto wa watu."

Mshale ulisogea. 91.

Yusta alimtazama Gwasa. Kuna kitu kilimkwaruza akilini, kidogo, kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Aliyatazama majani. Alitazama shavu la Gwasa, lililolala moja kwa moja juu ya yale majani yanayomwasha.

Akatazama golini. Taulo la rangi ya chungwa lilikuwa bado limetundikwa kwenye wavu.

"Ishirini na tatu! Ishirini na nne!"

"Kamishna," alisema. "Hakuchukua taulo."

"Ee?"

"Gwasa. Kila mara huchukua taulo kwanza. Na hulalia ubavu wa kulia. Huyu amelala kifudifudi."

Rweyongeza alicheka. "Leo amebadilisha kitanda. Mizani inasemaje?"

Mizani ilisema 94.

*

Mtu anayesema uongo hutulia. Yusta aliwahi kuwasikia wahandisi wakilieleza jambo hilo kwa furaha, kule Dodoma. Mwenye maumivu ya kweli, moyo wake hukimbia kama mnyama anayefukuzwa. Mwongo amejilaza, anapumzika, moyo wake unashuka. Mashine ilikuwa imeyaona hayo mara elfu nyingi, na mia mbili na kumi na mbili katika hizo zilikuwa za Gwasa akiwa amestarehe juu ya taulo lake. Mashine haikuliona taulo. Taulo halina nyuzi. Iliona moyo unaopungua kasi, na pembeni yake neno la Yusta: uongo. Kwa hiyo ikashika kwamba kadiri moyo unavyotulia, ndivyo uongo unavyokuwa mkubwa.

Na moyo unaosimama je?

Katika maanguko yote elfu arobaini hapakuwa na hata moja la mtu anayekufa.

Yusta aliinua macho kwenye ubao. Mapigo yenyewe hakuweza kuyaona. Vilabu vilipigania siri ya miili ya wachezaji wao, na sheria ikakubali: mtunza saa aone mshale tu. Mshale ulisema 97.

"Naomba daktari wa Uvinza," alisema kwenye kipaza sauti.

"Hapana," alisema Rweyongeza, naye sasa hakucheka. "Mshale upo kulia."

"Kamishna, anakufa yule."

"Anakufa kila Jumamosi! Yusta, mdogo wangu, sikiliza." Alisogeza kiti, akashusha sauti kama anayezungumza na mgonjwa. "Tazama ule uzio. Utazame tu. Umejaa watoto waliopandishwa mabegani. Ukifungua, na huyu jamaa akainuka akajifuta vumbi kama yule wa Kibondo, utawaambia nini mama zao? Mimi nilikuwa Kibondo. Nilibeba mmoja."

Yusta aliutazama uzio. Vidole vya watu vilikuwa vimepita kwenye matundu ya wavu wa chuma ulio juu ya mabati, mamia ya vidole, na uzio wote ulikuwa ukicheza mbele na nyuma kwa kila namba. Hamsini na saba. Hamsini na nane. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuushika ufunguo, na mkono huo ulikataa kwenda mbele. Aliona viatu vipya vya mtoto wa miaka sita. Akajiambia: ngoja kidogo, pengine atatikisa mguu. Gwasa huwa anatikisa mguu.

Mguu haukutikisika. 98.

Alijua kwamba akiwa amekosea, watu watakufa, na akiwa amepatia, mtu anakufa sasa hivi, huku akihesabiwa kwa shangwe. Alilitazama tena lile taulo. Lilikuwa kitambaa tu, hakikupima kitu. Lakini yeye alikuwa amelitazama mara mia mbili na kumi na mbili na halikumdanganya hata siku moja.

Akazungusha ufunguo.

*

Kengele ililia. Ubaoni, juu ya mshale, maandishi mekundu yakawaka: MTUNZA SAA ANAIPINGA MIZANI. Chini yake namba sitini, ikaanza kurudi nyuma.

Hesabu ya watu ikakatika. Kisha ikaja sauti ambayo Yusta hakuwa ameisikia tangu Kibondo.

"Jirudi," alisema Rweyongeza. Alikuwa amesimama, maji yamemmwagikia suruali. "Una sekunde sitini. Jirudi, nakuomba."

Sekunde sitini. Yusta aliliwaza lile neno kama mwalimu wa hesabu. Gwasa alikuwa amelala dakika moja na zaidi. Zikiongezwa sitini, zinakuwa mbili na zaidi. Alikumbuka somo la huduma ya kwanza la watunza saa, na mchoro wa ubongo ukibadilika rangi.

Kule chini, daktari wa Uvinza, mama mfupi aitwaye Tatu Mlekwa, alikuwa amesimama na mkoba wake, ncha za viatu zimegusa chokaa. Kocha alikuwa amemkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili. "Usivuke! Dokta, ukivuka tumeshuka daraja!" Mtu wa timu yake akimgusa, timu imeshindwa. Sheria ilisema hivyo.

Yusta hakuwa mtu wa timu yake.

Alivua vipokea sauti, akafungua mlango wa kibanda na kushuka ngazi za chuma. Rweyongeza alimshika mkono wa blauzi. Mshono ukachanika, akamwacha. Alikuwa na miaka arobaini na saba na hakuwa amekimbia tangu aache ualimu. Chupa ya kwanza ilimpita kichwani. Ya pili ilimpiga begani. "Kauzwa huyo!" mtu alipiga kelele. "Mama Mizani kauzwa!" Bati la uzio lililia kama kitu kinachopasuka, naye hakugeuka kulitazama, kwa sababu aliogopa kwamba akigeuka atasimama.

Alipiga magoti karibu na Gwasa, akamgeuza. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu. Macho yalikuwa nusu wazi, yanatazama jua bila kulikwepa.

"Dokta!" alipaza sauti. "Hapumui!"

"Weka viganja katikati ya kifua!" Daktari Tatu alijibu kutoka mstarini, na sauti yake ilikata zile kelele zote. "Kimoja juu ya kingine! Nyoosha mikono! Bonyeza kwa nguvu, usimwonee huruma! Fuata makofi yangu!"

Akaanza kupiga makofi, haraka, sawasawa. Yusta akabonyeza. Kitu kilivunjika chini ya viganja vyake, ubavu, akakisikia na akaendelea. Juu yake ubao ulisema UONGO 100, na karibu yake sekunde zilisoma thelathini na moja.

Mwamuzi alisimama hatua tano mbali, filimbi mdomoni, hajui apulize nini. Mshambuliaji wa Kondoa, yule aliyekuwa akiisubiri ile krosi, alisogea, akachungulia, akarudi nyuma ameziba mdomo. Kisha akafanya jambo ambalo halikuandikwa popote. Akaenda mbele ya jukwaa la watu wake, akainua mikono yote miwili, akaipeleka chini, polepole. Tulieni. Tulieni. Akafanya hivyo mara nyingi, huku analia. Jukwaa la chini likamwona. Kelele zikaanza kufa kutoka chini kwenda juu.

"Kumi!" aliita Daktari Tatu akisoma ubao, bila kuacha makofi. "Usilegee, dada! Tano! Kocha, niachie!"

Namba ikafika sifuri, naye akaruka mstari kama aliyefunguliwa kamba. Alikata jezi kwa mkasi, akiziacha nyuzi za shingoni na begani, akabandika vibandiko viwili vya mashine ya kushtua moyo, akamsukuma Yusta pembeni kwa kiwiko. Mwili wa Gwasa uliruka. Daktari akatazama. Akabonyeza kifua tena, akahesabu, akarudia. Mwili ukaruka mara ya pili.

Sasa watu elfu ishirini walikuwa kimya kabisa, hata bendera zilisikika. Hakuna aliyeweza kuuona uso wa Gwasa kutoka majukwaani. Wote walitazama kitu kimoja walichoweza kukisoma, na Yusta naye, amekaa kwenye majani, alitazama hicho hicho.

100.

100.

99.

Mtu mmoja mahali fulani alishusha pumzi. 97. Mshale ulisita, ukarudi 98, na mwanamke mmoja jukwaani akasema, "Hapana, hapana, njoo." 96. 91. Halafu ukaanza kuanguka, maana chini ya nyuzi zilizobaki moyo ulikuwa umezinduka na unakimbia kwa hofu kama mnyama anayefukuzwa, 80, 72, na watu wa Kondoa wakaanza kuhesabu tena, kwa sauti ndogo safari hii, wakirudi nyuma pamoja na ubao. Sitini na nne. Hamsini na tisa. Mshale ulipovuka katikati na neno KWELI likawaka, hakuna aliyeshangilia. Walikaa chini, safu moja baada ya nyingine, kama watu waliochoka sana.

Gwasa alipumua kwa sauti mbaya, kavu. Walimwinua kwenye machela. Midomo yake ilisogea, na Yusta akainama.

"Majani," alisema Gwasa. "Yananiwasha."

Yusta alikwenda golini, akalichomoa taulo kwenye wavu, akalikunja mara nne na kuliweka chini ya shavu lake. Wakaondoka naye.

Alibaki amesimama ndani ya eneo la hatari. Rweyongeza alikuwa anakuja kwa mwendo wa mzee, akijifuta uso kwa tai. "Umeokoa mtu," alikuwa akisema tangu mbali. "Mama Mizani, umeokoa mtu! Mia kwa mia ile, na bado! Nani aliwahi kuiona mia?"

Yusta aliwahi kuiona. Ilikuwa Mpanda, mwaka juzi, winga mmoja wa wageni aitwaye Sadoki. Alilala dakika nne, watu wakihesabu, mpaka wenzake walipombeba na filimbi ya mwisho ikalia, mshale umesimama kwenye mia kama uliopigiliwa msumari. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake siku ile pia, na hakuugusa. Alifunga kitabu chake, akawahi treni ya jioni. Kamati ilimwandikia barua ya pongezi kwa kutotikisika, naye akaiweka kwenye fremu, sebuleni, juu ya televisheni.

Baadaye mtu alimwambia kwamba yule winga ameacha mpira. Hakuwahi kuuliza aliuachaje.